Safari Iliyorefuka Sokoni

Saturnino Huarache na mkewe Elba Challapa wameuza zeituni katika soko la mazao hapa Arica tangu tulipokuwa vijana, na kwa miaka yote hiyo Saturnino hakuwahi kufika mbali kuliko Iquique, alikokwenda kung'olewa jino. Namjua vizuri. Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na meza yao, na mimi ndiye niliyemsimamia binti yao Rosaura alipobatizwa, kwa hiyo tunaitana kompadre. Ni mtu mwema, hana choyo, hapunji mizani. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hawezi kuulizwa jambo akasema hajui. Ukimuuliza nyanya zinauzwa wapi, atakueleza kwanza nyanya zilitoka wapi duniani, nani alizileta, na kwa nini za zamani zilikuwa tamu, ndipo akuonyeshe meza ya jirani.

Rosaura alipoolewa na Nelson Mansilla, kijana wa bandarini Punta Arenas, tulimwonea huruma. Kijana hakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mahali. Sisi tuko ncha ya juu ya nchi, wao wako ncha ya chini, na Chile ni nyembamba na ndefu kiasi kwamba ramani za shule huikata vipande vitatu na kuvipanga ubavu kwa ubavu, maana nzima haienei ukutani. Kwa ndege ni karibu kilomita elfu nne, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Unashuka Santiago, katikati, unapanda nyingine. Kwa basi usiulize. Huko chini barabara yenyewe hukatika, basi likaingia Argentina kwanza ndipo lirudi kwetu.

Basi Rosaura akajifungua mtoto wa kiume, na Nelson akawatumia wakwe zake tiketi waje ubatizoni.

Saturnino alizionyesha tiketi zile soko zima. Asubuhi alizionyesha kwa fahari, jioni kwa uso wa mtu anayeonyesha picha ya eksirei. Alikuwa anaogopa, ila alikuwa anaogopa kwa niaba ya mkewe.

"Nina wasiwasi na Elba," aliniambia. "Wanawake na ndege, unajua tena."

"Elba ana nini?"

"Hana kitu. Ndilo linalonitia wasiwasi."

Dada yake Saturnino, Eufemia, akampa vidonge vya kuzuia kutapika. Kimoja kilitosha. Saturnino alimeza viwili nyumbani, na cha tatu mlangoni mwa uwanja wa ndege, kwa sababu aliiona ndege yenyewe. Haya nimeyajua baadaye kutoka kwa Elba, na Elba si mtu wa kutia chumvi, labda kwenye zeituni.

Alisinzia kabla hajafunga mkanda. Mhudumu ndiye aliyemfunga. Ndege ikaruka, na Saturnino akalala usingizi wa pono, kinywa wazi, kofia kifuani. Elba alikaa dirishani, upande wa kushoto. Aliliona jangwa letu kutoka juu, kahawia na lenye nyufa kama ganda la mkate, likienda na kwenda bila mti hata mmoja. Alimfinya mumewe mkono amwonyeshe. Akamfinya tena. Mara ya tatu alimfinya kwa hasira kidogo, na Saturnino akajibu, "Kilo ngapi?" kisha akaendelea kulala.

Santiago alishushwa kwa kiti cha magurudumu. Wahudumu walidhani ni mgonjwa, wakamtanguliza mbele ya watu wote, na Elba akatembea nyuma yake na mizigo. Alipofumbua macho katikati ya ukumbi ule akaona watu wengi na taa nyingi, akauliza kama ndiyo Punta Arenas. Elba alipomwambia bado ndege nyingine, tena ndefu kuliko ya kwanza, alimeza kidonge cha nne.

Na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa safari. Elba ni mtoto wa mfugaji wa llama kule nyanda za juu. Utotoni umbali kwake ulikuwa ni miguu: kutwa nzima kufika kisimani kwa shangazi, kutwa nyingine kurudi. Sasa alikaa kwenye kiti, mapaja yamefunikwa kwa shali, na chini yake vikapita vilele vya volkano vyenye kofia nyeupe, kimoja, kingine, na kingine, kama wazee walioketi msibani. Yakapita maziwa. Halafu ardhi ikavunjika ikawa vipande vya maji na misitu, na baada ya hapo barafu, barafu tupu, yenye rangi ya buluu ndani ya mipasuko yake. Elba alilia. Mwanamume mgeni aliyekaa upande wa pili wa njia akamnyooshea kitambaa cha karatasi juu ya tumbo la Saturnino.

Walipofika, upepo wa Punta Arenas ulimwamsha Saturnino vizuri kuliko mtu yeyote. Rosaura akamkumbatia, na mkwe akauliza, kwa adabu tu, "Don Saturnino, safari ilikuwaje?"

Elba alimtazama mumewe. Alitazamia kicheko, alitazamia aseme nililala kama gunia. Saturnino akavuta pumzi, akatazama mbali.

"Milima, mwanangu," alisema. "Milima mikubwa."

Elba akainama kuchukua mizigo. Alimwambia mke wangu baadaye, "Komadre, mwanamume akianza uongo mbele ya mkwe, ukimkatiza, aibu ni ya nyumba nzima. Nikasema utaishia kule kule baridini." Haukuishia. Waliporudi, uongo ulirudi nao, umenenepa kwa nyama ya kondoo.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Saturnino ilikuwa ndefu, na ilizidi kurefuka kadiri alivyokaa nyumbani. Wiki ya kwanza ilikuwa masaa sita angani, kama ilivyoandikwa kwenye tiketi. Ilipofika sikukuu ya Uhuru mwezi wa tisa ilikuwa masaa tisa, kwa sababu ya upepo wa mbele. Krismasi ilikuwa kutwa nzima, na ndege ilikuwa imezunguka kilele cha volkano mara mbili ili rubani apate uhakika. Rubani naye alitokea katikati ya Oktoba. Mwanzoni alimpungia mkono Saturnino kwa mbali. Kufikia Novemba alikuwa amekaa naye, amemuuliza anauonaje mwendo.

Watu walimpenda. Sokoni kwetu kila mtu ana ndugu kusini na hakuna anayekwenda kumwona, kwa hiyo safari ya Saturnino ilikuwa ya wote. Walikuja kumuuliza mashauri. Alimkataza mchuuzi wa samaki kula maharage siku tatu kabla ya kupanda ndege, naye mchuuzi akayaacha maharage, ingawa hakuwa na safari. Alimwambia mzee mmoja aweke jani la koka chini ya ulimi ndege inapoinuka, na jiwe dogo mfukoni inaposhuka. Griselda Tapia, muuza chai, aliyesoma kidogo na anayependa kubisha, alimuuliza jiwe ni la nini.

"Uzito," Saturnino akamjibu. "Ndege inaposhuka inataka watu wenye uzito."

"Nilidhani injini ndiyo inayoishusha."

"Injini ndiyo inayoipandisha, doña Griselda. Kushuka ni kazi yetu sisi abiria."

Griselda alisonya, lakini jioni nilimwona anachagua kokoto karibu na geti.

Wakati wote huo Elba alikuwa pale pale, hatua mbili, anachota zeituni kwa kijiko chenye matundu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitu. Siku moja mteja alimwambia, "Na wewe doña Elba, ulikwenda pia?" Kabla hajafungua mdomo, Saturnino akajibu, "Alikuwa ananishika mkono, maskini."

Nilimwona Elba anakiweka kijiko chini polepole. Nikadhani leo ndiyo leo. Lakini alichukua tu kitambaa akafuta meza, na meza ilikuwa safi.

Mwezi Januari redio yetu ya mtaa ilianza kipindi cha Jumamosi cha watu wa kawaida waliofanya makubwa. Mtangazaji, Ramiro Cifuentes, alikuwa amemaliza makubwa ya Arica kwa wiki mbili, akabaki na Saturnino. Saturnino alinunua shati. Alinitaka niende naye, Elba akaja pia, tukakaa kwenye benchi nyuma yake, mle ndani ya chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Volkano zilizungukwa. Rubani alisimulia shida zake za nyumbani. Kisha zikaja simu za wasikilizaji, na ya kwanza ilikuwa ya Griselda. Apende kubisha asipende, siku hiyo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na shida ya kweli.

"Don Saturnino, habari za asubuhi. Wifi yangu anasafiri kwenda huko kusini wiki ijayo. Anataka kiti cha kuiona milima. Aombe upande gani, kulia au kushoto?"

Saturnino akaguna kama mtu anayechagua kati ya majibu mengi mazuri.

"Kulia," alisema.

Ramiro Cifuentes hakuwa mjuzi wa ndege, lakini alikuwa mwenyeji wa nchi hii, na kila mwenyeji wa nchi hii, hata awe amelewa, anajua bahari iko wapi na milima iko wapi.

"Kulia? Kwenda kusini, kulia si bahari, don Saturnino?"

Redio ikanyamaza. Nilisikia saa ya ukutani. Shati jipya la kompadre wangu lilianza kulowa katikati ya mgongo, likachora umbo kama la ramani. Mtambo ukaendelea kupeleka kimya kile kwenye jikoni zote za Arica.

Elba akainuka kwenye benchi, akaegemea bega la mumewe, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Alikaa kinyume," alisema.

"Kinyume vipi, doña?"

"Kiti chake kilitazama nyuma. Kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa watu wengine. Wifi yake doña Griselda akae kushoto."

Ramiro akapumua, akacheka. Saturnino naye akapata roho yake, akaongeza kwamba viti vya kutazama nyuma hupewa watu wenye moyo thabiti, kwa sababu si kila mtu anaweza kutazama anakotoka. Kipindi kikaisha kwa muziki. Jumatatu iliyofuata watu watatu walikwenda ofisi ya tiketi kuulizia kiti kinachotazama nyuma, na mmoja wao, nimesikia, alikasirika alipoambiwa hakuna, akasema basi hivyo viti ni vya wakubwa tu.

Tulirudi kwa miguu. Saturnino alitembea mbele, akasalimiwa kila kona. Tulipofika kwao alivua kofia, akakaa, na hapo mbele yangu Elba akasema naye, bila kupandisha sauti, huku anawasha jiko la kuchemsha maji.

"Rosaura ana mimba nyingine. Atajifungua mwezi wa tatu."

"Najua, mama."

"Atahitaji mtu wa kumtunza siku arobaini."

"Tutakwenda."

"Nitakwenda," Elba alisema. "Peke yangu. Kiti cha dirishani, kushoto. Wewe utabaki na meza."

Saturnino alinitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa naangalia soli ya kiatu changu, ambayo haikuwa na tatizo.

"Na watu nitawaambia nini?"

"Hilo," Elba alisema, "hujawahi kukosa."

Elba alikwenda mwezi wa tatu na begi moja, shali, na ndoo ndogo ya zeituni kwa ajili ya mkwe. Kompadre wangu akajifunza kupika wali, yaani alijifunza kwamba wali huungua. Mke wangu alimpelekea chakula mara kwa mara. Meza ilimshinda pia: zeituni nyeusi alizichanganya na za kijani, akasema ndivyo zinavyouzwa Ulaya. Lakini alipoulizwa habari za Elba, alikuwa na habari kamili. Alijua ndege ilivyotikisika juu ya Puerto Montt. Alijua alikula nini na aliketi na nani. Ukweli ni kwamba Elba alipiga simu mara moja alipofika, akasema, "Nimefika. Upepo ulituzungusha kidogo kabla ya kutua. Umekula?" Kutokana na maneno hayo Saturnino alitoa simulizi ya siku nne.

Nilimkuta jioni moja anafunga turubai. Nikamuuliza kama halali vizuri, maana macho yalikuwa mekundu.

"Kompadre," akaniambia, "pale juu kuna nini hasa?"

"Juu wapi?"

"Pale juu. Alipokuwa analia. Eufemia ameniambia Elba alilia njiani, mara ile ya kwanza. Alimwambia Eufemia, hakuniambia mimi. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega."

Nilimsaidia kufunga kamba.

Elba alirudi baada ya arobaini, amenona kidogo, mashavu yamechapwa na upepo. Siku ya kwanza sokoni watu walijaa mbele ya meza. Sasa hatimaye walimuuliza yeye, kwa kuwa safari hii hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Elba aliweka kijiko chini, akajifuta mikono, na nikaona alikuwa ameyaandaa maneno.

"Kwanza," alisema, "ukitoka Santiago unaona volkano, si zote kwa pamoja, moja moja. Halafu kuna barafu. Si nyeupe. Mtu anadhani ni nyeupe. Ni—"

"Mliizunguka ile kubwa?" Griselda akauliza.

"Hatukuzunguka chochote. Barafu ile ina—"

"Don Saturnino alizungushwa mara mbili," mchuuzi wa samaki akasema.

"Labda rubani alikuwa mwingine," mtu akaeleza nyuma. "Siku hizi wanaajiri vijana."

"Na ni masaa mangapi, doña Elba?"

"Sita na kitu. Ukiweka na kusubiri Santiago, zaidi kidogo."

Pakawa na mnong'ono wa masikitiko. Mwenzake alikwenda kutwa nzima. Griselda akamgusa mkono kwa huruma, akamwambia asijali, si kila mtu hupata safari nzuri. Elba akachukua kijiko.

Hapo Saturnino, aliyekuwa nyuma ya mapipa, akatoka mbele. Alikuwa amevua kofia.

"Mwacheni aseme," alisema. "Yeye ndiye aliyeona. Mimi nililala."

Walimtazama.

"Nililala njia nzima. Nilimeza vidonge vinne vya Eufemia. Sikuona mlima, sikumwona rubani. Volkano sijazunguka. Santiago nilisukumwa kwenye kiti kama mgonjwa. Muulizeni."

Kisha mchuuzi wa samaki akaanza kucheka, wengine wakamfuata, wakacheka mpaka wakashikilia meza. Griselda alifuta macho kwa ncha ya aproni.

"Mnamwona?" alisema. "Mkewe asionekane mdogo, mwanamume anajishusha hadharani. Waume wa namna hii wameisha."

"Doña Griselda, nasema kweli."

"Najua, don Saturnino, najua. Nipe nusu kilo, nyeusi."

Alimpimia. Alijaribu tena kuwaambia siku ile, na kesho yake, na kila alivyozidi kukiri ndivyo sifa yake ilivyozidi kupanda, hadi kasisi wetu akamtaja kanisani kama mfano wa unyenyekevu, bila jina, lakini akimtazama. Saturnino alikaa benchi la tatu, masikio yamewaka. Elba alikuwa anatikisika mabega kando yake, na waliomwona nyuma walidhani anasali.

Mwezi uliofuata fundi mmoja wa matairi alirudi kutoka Lima kwa basi, na kwa kuwa kule alikuwa amekaa siku mbili nzima, soko likahamia kwake.

Kile ambacho Elba alitaka kusema kuhusu barafu, sokoni hakikusemwa tena. Ila Jumapili moja nilipita kwao mchana kuchukua kiatu cha Saturnino cha kutia kisigino, nikawakuta uani wanachambua zeituni, beseni katikati. Elba alikuwa anazungumza. Saturnino alikuwa anasikiliza, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuanze kujuana, na mara kwa mara aliuliza swali dogo: ilikuwa upande gani wa bawa, kulikuwa na watu kule chini, uliogopa? Hawakunisikia nikigonga. Nilikichukua kiatu mlangoni nikaondoka.

Mwaka huu mtoto wa pili amefikia kubatizwa, na wamekwenda wote wawili. Niliwasindikiza uwanja wa ndege kwa gari la kuazima. Eufemia alikuwa amempa kakake pakiti nyingine ya vidonge, naye Saturnino akaniachia mimi, akasema niwape mbwa. Alikuwa mweupe kama jibini ya mbuzi. Ndege ilipowashwa nje alimshika Elba mkono kwa nguvu, na Elba akamwambia akaze ila asimvunje vidole, ana kazi navyo.

"Ni mbali sana?" akamuuliza, kana kwamba hajawahi kwenda.

"Ni mbali," Elba alisema. "Twende."